Shahidi wa Pili: Askari Wastaafu, Madai ya Fidia na Lugha Yetu

Wasomaji wetu wamezoea kukuta katika kurasa hizi makala kuhusu ngeli, fasihi simulizi na usanifishaji wa Kiswahili. Safari hii tunaomba ruhusa yao tuzungumzie jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halihusu idara ya lugha hata kidogo: namna askari waliostaafu, hasa wale walioumia vitani, walivyosaidiana kudai fidia zao. Sisi tunaona kwamba linatuhusu sana. Askari aliyeumia halipwi kwa sababu ameumia. Hulipwa kwa sababu jeraha lake limegeuzwa kuwa maneno, maneno hayo yakaandikwa, na maandishi yakathibitishwa na mtu mwingine aliyekuwepo. Katika Afrika ya Mashariki, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, maneno hayo yalisemwa kwa Kiswahili lakini yakaandikwa kwa Kiingereza au Kijerumani. Katikati ya kusema na kuandika, watu wengi walipotea pamoja na haki zao.

Tuanze na maneno yenyewe, maana hapo ndipo tulipozoea kusimama. Hapa Uganda si siri kwamba Kiswahili kilijulikana kwa muda mrefu kama lugha ya jeshi, na sifa hiyo haikukisaidia. Jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee wetu hulitaja kwa herufi zake tu, KAR, liliundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Nyasaland, Kenya, Uganda na Somaliland. Askari wake walitoka katika makabila mengi, na maofisa wa Kiingereza walitakiwa kujifunza Kiswahili na kufanyiwa mtihani. Upande wa pili wa mpaka, jeshi la Wajerumani lilifundisha amri za gwaride kwa Kijerumani, lakini maisha ya kambini yaliendeshwa kwa Kiswahili. Vyeo vyake vilikuwa vya Kituruki vilivyopitia Misri na Sudani: ombasha, shaushi, afande. Hili la mwisho bado tunalo.

Neno posho linastahili mstari wake. Kwa Mtanzania wa leo posho ni fedha ya kikao, na kwa Mganda ni ugali wa mahindi. Maana zote mbili zinatokana na ile ya zamani, yaani chakula kinachogawiwa kwa kipimo kwa mpagazi au askari. Wanafunzi wetu hucheka tunapowaeleza hivyo, lakini posho hiyo iliua watu. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia wapagazi waliozoea ndizi, wali au mtama walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wakaupika haraka haraka jioni baada ya mwendo wa kutwa. Wengi walikufa kwa kuhara damu. Waliopona walirudi makwao wakiwa na matumbo ambayo hayakupona tena. Sasa mtu wa namna hiyo angedai fidia ya nini? Hakuwa na kovu la risasi. Ugonjwa wa tumbo hauonyeshwi mezani kwa mkuu wa wilaya.

Wapagazi hao ndio walioacha jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam na Kariokor mjini Nairobi. Mwanahistoria Geoffrey Hodges, aliyeandika kitabu kizima juu yao mwaka 1986, ameonyesha kwamba kikosi chao kilikuwa na matatizo ya kumbukumbu tangu mwanzo. Majina yaliandikwa na makarani waliokuwa na haraka, kwa masikio ya lugha nyingine. Mtu aliweza kuitwa jina moja kijijini, jina jingine kambini na la tatu hospitalini. Vita vilipokwisha, mishahara ya wapagazi wengi waliokufa ilibaki serikalini kwa sababu warithi wao hawakupatikana, na serikali ya Uingereza haikuona haraka ya kuitoa. Oscar Watkins, ofisa aliyekuwa msimamizi wa kikosi hicho, alipigania fedha hizo kwa miaka mingi bila mafanikio makubwa.

Karne moja baadaye, mwezi Aprili 2021, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti juu ya jambo hilo hilo. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa Waafrika wa Mashariki na Wamisri. Sanamu za askari zilizosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 na Nairobi mwaka 1928 zina maandishi ya Kiswahili pamoja na Kiingereza. Ni jambo la kufikirisha. Walipotaka kushukuru, wakubwa walijua Kiswahili. Ilipofika zamu ya kulipa, Kiswahili hakikuwa na fomu.

Hata hivyo kuna kisa kimoja ambacho ndani yake lugha ndiyo iliyokuwa cheti. Kinasimuliwa na Charles Miller katika kitabu chake cha mwaka 1974, na tangu hapo kimerudiwa mara nyingi. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Wajerumani katika Afrika ya Mashariki na kusalimisha silaha zake Abercorn (siku hizi Mbala, Zambia) tarehe 25 Novemba 1918, alifariki mwezi Machi 1964. Mwaka huo bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha za kuwalipa askari wake wa Kiafrika waliokuwa bado hai malimbikizo ya mishahara yao. Karani wa benki alitumwa Mwanza, na wazee wapatao 350 walijitokeza.

Ni wachache tu waliokuwa na hati walizopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa. Wengi hawakuwa na kitu. Yule karani akapata wazo: kila mzee aliyedai kuwa askari aliitwa mbele, akapewa ufagio wa mti badala ya bunduki, na akaamriwa kwa Kijerumani kufanya mazoezi ya silaha. Inasemekana hakuna hata mmoja aliyeshindwa.

Kisa hiki husimuliwa kwa kawaida kama sifa kwa nidhamu ya Wajerumani. Sisi tunakisoma tofauti kidogo. Kwanza, kama mtihani ni kunyanyua ufagio kama bunduki, basi aliyepoteza mkono vitani anafanyaje? Yule aliyeumia zaidi ndiye asiyeweza kuthibitisha. Pili, mashahidi walikuwepo pale pale. Wazee wapatao 350 walikuwa wamekusanyika pamoja. Wangeweza kuulizana: wewe ulikuwa kombania ya nani, nani alikuwa shaushi wenu, mlivuka Ruvuma usiku au mchana? Maswali kama hayo, kwa Kiswahili, yangemtambua mwongo ndani ya dakika tano, na yangemtambua pia mkweli aliyekuwa kiwete au kipofu. Lakini hakuna aliyefikiri kuwauliza. Mwenye fedha aliamini Kijerumani chake na ufagio wake.

Ili kuona kwamba ushahidi wa wenzao si ndoto yetu, inatupasa tutoke Afrika kidogo twende Marekani, mahali ambapo utaratibu huo uliwekwa katika sheria karne ya 19. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, Marekani ilijenga mfumo mkubwa wa pensheni. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa askari wa kawaida aliyelemaa kabisa dola 8 kwa mwezi, na aliyelemaa kwa sehemu alipata kiasi kinacholingana na kipimo cha madaktari. Lakini daktari angeweza kusema tu kwamba goti limevunjika. Hakuweza kusema lilivunjikia wapi. Kwa hiyo ofisi ya pensheni ilitaka ushahidi wa ofisa aliyekuwa juu ya askari huyo, na kama ofisa hakupatikana, viapo vya askari wawili waliokuwa naye.

Wawili hao ndio wanaotupa kichwa cha makala hii. Takriban watu weusi 179,000 walipigana katika jeshi la serikali ya Marekani, na wengi wao walikuwa watumwa muda mfupi kabla ya kuvaa sare. Hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa wala vya ndoa. Waliandikishwa kwa jina la bwana wao, kisha baada ya uhuru wakajichagulia jina jingine. Wengi hawakujua kuandika. Kwa watu wa namna hiyo mfumo wa makaratasi ulikuwa ukuta, na ni kweli kwamba madai ya weusi yalikataliwa mara nyingi zaidi kuliko ya weupe. Lakini palikuwa na ufa katika ukuta huo, nao ulikuwa kumbukumbu ya mwenzake. Ofisi ilituma wachunguzi vijijini, wakaketi na wazee barazani, wakaandika neno kwa neno walichosimuliwa: tulilala hema moja, nilikuwepo gari la mizinga lilipompitia mguu, kabla ya vita alikuwa mzima, alikuwa akicheza ngoma kuliko sisi sote. (Mifano hii tumeitunga sisi ili kuonyesha aina ya maelezo.) Maelfu ya majalada hayo yamehifadhiwa hadi leo mjini Washington. Wanahistoria wanayachukulia kuwa miongoni mwa hazina kubwa za sauti za watu waliokuwa watumwa, na hazina hiyo ilipatikana kwa sababu watu walikuwa wanadai haki yao ya kila mwezi.

Mfano mashuhuri ni wa Harriet Tubman. Anajulikana kwa kuwatorosha watumwa, lakini alilitumikia jeshi pia kama muuguzi na mpelelezi, na mwezi Juni 1863 aliongoza uvamizi kwenye mto Combahee uliowakomboa mamia ya watu. Kwa kazi hiyo hakupewa pensheni. Mumewe wa pili, Nelson Davis, alikuwa askari wa kikosi cha 8 cha weusi, naye alifariki mwaka 1888. Tubman alipoomba pensheni ya mjane mwaka 1890, tatizo likawa jina: jeshini mumewe aliandikishwa kama Nelson Charles. Ilibidi kukusanya ushahidi wa watu waliomjua kwa majina yote mawili. Mwaka 1895 alipewa dola 8 kwa mwezi, na mwaka 1899, baada ya bunge kukumbushwa kazi yake ya uuguzi, zikawa 20. Shujaa wa taifa zima alihitaji jirani aje aseme kwamba Charles ndiye Davis.

Penye haja hapakosi madalali. Mawakala wa madai waliwatoza wastaafu fedha nyingi hata sheria ikaweka kikomo cha dola 10 kwa kila dai. Ndiyo maana vyama vya wastaafu wenyewe vilichukua kazi hiyo. Chama chao kikubwa, kilichoanzishwa mwaka 1866, kilikuwa na wanachama zaidi ya 400,000 ilipofika mwaka 1890, na sehemu ya kazi ya matawi yake ilikuwa kuandikiana na kushuhudiana. Desturi hiyo haijafa. Hadi leo nchini Marekani kuna wastaafu waliofunzwa na kuidhinishwa kuwasaidia wenzao kuandaa madai ya ulemavu bila malipo.

Turudi kwetu, kwa vizazi tulivyovijua kwa macho. Katika Vita vya Pili vya Dunia Uganda pekee ilitoa askari wapatao 77,000. Walipigana Habeshi na Madagaska, na wale wa Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki waliingia Burma mwaka 1944, wakapita katika bonde la Kabaw wakati wa masika, ambapo malaria na magonjwa mengine yaliwaangusha wengi kuliko Wajapani. Tarehe 12 Februari mwaka huo meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Ceylon, ilizamishwa karibu na visiwa vya Maldivi. Watu 1,297 walikufa, wengi wao wapiganaji wa mizinga kutoka Afrika ya Mashariki. Kwa familia za hao hapakuwa na maiti wala kaburi. Palikuwa na barua, na barua ilihitaji msomaji.

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo historia ya Kiswahili hulitaja kwa haraka mno. Jeshi hilo lilikuwa pia shule. Kilikuwepo kikosi maalumu cha elimu jeshini, na askari wengi walijifunza kusoma na kuandika wakiwa vitani, mara nyingi kwa Kiswahili. Magazeti ya Kiswahili, kama Baraza lililoanzishwa Nairobi mwaka 1939, yalipata wasomaji wapya katika mahema. Vita vilipokwisha, mtu aliyejifunza kuandika kambini alirudi kijijini akiwa na ujuzi uliokuwa adimu. Yeye ndiye aliyejua namba ya jeshi inaandikwa wapi, cheti cha kuachishwa kinasemaje, na mkuu wa wilaya aombwe kwa maneno gani. Huyo hakuwa wakili wala karani. Alikuwa koplo mstaafu mwenye kalamu, na wenzake walimfuata kwa miguu. Ikiwa tunatafuta mahali ambapo Kiswahili cha maandishi kilitumika Uganda nje ya ofisi na misheni, tutazame kwenye barua za namna hiyo kabla mchwa hawajazimaliza.

Barua hizo ziliomba nini? Tunarudi kwenye msamiati. Kiswahili kina kiinua mgongo, neno tunalolipenda: fedha anayopewa mtu aliyeinama kazini kwa miaka mingi ili asimame wima. Kina bakshishi, ambayo ni hiari ya mtoaji. Kina pensheni, iliyokuja na mishahara ya kizungu. Na kina fidia, yenye asili ya Kiarabu, ambayo maana yake ya kwanza ni kukomboa: unatoa kitu ili kurudisha kilichochukuliwa. Anayesema fidia anasema kwamba upo upande uliochukua. Askari wengi wa KAR hawakupewa fidia wala pensheni, kwa kuwa utumishi wao wa vita haukufikia miaka iliyotakiwa. Walipewa kiinua mgongo cha mara moja, nacho kilipimwa kwa rangi. Nyaraka zilizoandikwa katika vyombo vya habari mwaka 2019 zilionyesha kwamba mzungu wa cheo cha chini kabisa, mkazi wa koloni la Afrika, alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi, na Mwafrika wa cheo hicho hicho shilingi tatu na nusu. Mwaka mmoja kabla ya hapo serikali ya Uingereza ilikuwa imetangaza pauni milioni 11.8 kwa ajili ya wastaafu maskini wa Jumuiya ya Madola na wajane wao, na ikaelezwa kwamba zingewawezesha kupata milo miwili kwa siku. Hatudharau mlo. Lakini tukitafsiri kwa usahihi, hiyo si fidia. Ni posho.

Wastaafu wa Senegali walilielewa jambo hili mapema. Ufaransa ilikuwa imegandisha pensheni za askari wake wa zamani wa Kiafrika huku za Wafaransa zikiendelea kupanda. Mzee mmoja akiandika barua Paris angejibiwa kwa adabu na kusahaulika. Kwa hiyo Ibrahima Gueye na wenzake, jumla yao 743, walipeleka shauri pamoja mbele ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, na mwezi Aprili 1989 kamati hiyo iliamua kwamba kutofautisha pensheni kwa sababu ya uraia, wakati utumishi ulikuwa mmoja, ni ubaguzi. Ilichukua zaidi ya miaka 20 mingine, na uamuzi wa Baraza la Katiba la Ufaransa la mwaka 2010, kabla viwango havijasawazishwa kuanzia mwaka 2011. Wengi wa wale 743 hawakuiona siku hiyo.

Kwa jirani zetu Wakenya kuna kesi mbili ambazo tunapendekeza zisomwe pamoja, ingawa waliohusika hawakuwa wastaafu wa jeshi la mkoloni bali walioteswa nalo. Wapiganaji wa Mau Mau walipoamua kudai, chama cha wapiganaji hao kilishirikiana na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo ni asasi isiyo ya serikali, kuwatafuta wazee na kuandika maelezo yao. Mwaka 2011 ilibainika kwamba Uingereza ilikuwa imeficha majalada ya kikoloni huko Hanslope Park, na majalada hayo yakaunga mkono yale ambayo wazee walikuwa wakiyasema kwa vinywa vyao. Mwezi Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Kesi ya pili, iliyokuwa na wadai zaidi ya 40,000, ilishindwa mjini London mwaka 2018. Mahakama iliona kwamba muda umepita mno: mashahidi wamekufa, kumbukumbu zimechakaa, na upande unaodaiwa hauwezi tena kujitetea kwa haki. Tukubaliane nayo au tusikubaliane, hukumu hiyo inatufundisha kitu kimoja cha kiutendaji. Ushahidi wa mwenzake una muda wake. Ukiandikwa leo ni ushahidi, na ukiachwa miaka 50 utaitwa hadithi.

Na hapa nyumbani je? Bodi ya kuwasaidia wastaafu wa jeshi iliundwa mwaka 1992, na katika miaka michache askari zaidi ya 36,000 walirudishwa uraiani. Kuna pia wale raia wa eneo la Luweero waliosaidia vita vya 1981 hadi 1986. Malipo yao yanajulikana kwa neno la Kiganda akasiimo. Wenzetu wa idara ya Kiganda watatusahihisha tukikosea, lakini kiambishi hicho cha mwanzo ni cha udogo, na kitenzi chake ni kushukuru: kashukrani, kama tungeruhusiwa kusema hivyo kwa Kiswahili. Ni neno la upole na lina heshima yake. Ila linamweka anayelipwa katika nafasi ya mtu anayeshukuriwa. Fidia ingemweka katika nafasi ya mtu anayedai. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu katika isimujamii asiende mbali.

Tumetaja msamiati wa malipo. Tusisahau ule wa mwili. Kamusi za zamani zina kilema, kiwete, kipofu, kiziwi, zote za ngeli ya vitu. Siku hizi tunafundisha mtu mwenye ulemavu, na tunafanya vyema. Lakini mzee anayejaza dai huulizwa ulemavu wake ni asilimia ngapi, na Kiswahili cha kawaida hakina jibu la swali hilo. Atasema: siwezi kupanda mgomba. Atasema: usiku napiga kelele, mke wangu analala kwa watoto. Hizo ndizo asilimia zake. Kazi ya msaidizi ni kuziandika hivyo zilivyo kwanza, kabla ya kuzigeuza kuwa lugha ya ofisi, kwa sababu tafsiri ya haraka ndiyo iliyowapoteza wapagazi wa mwaka 1917. Majeraha ya akili hasa yanapotea njiani. Mtu akisema ana mapepo tangu vitani, karani ataandika kwamba hana ugonjwa.

Kwa sababu hiyo tunawaomba walimu wanaofundisha uandishi wa barua rasmi waache kidogo ile barua ya kuomba kazi ya ukarani, ambayo imefundishwa tangu enzi za babu zetu, na waingize maelezo ya kiapo ya shahidi. Ni utanzu mgumu. Unataka nafsi ya kwanza, wakati uliopita, tarehe, mahali, na kutofautisha kati ya nililoliona na niliyoambiwa. Kiswahili kina nyenzo zote za kufanya hivyo, lakini wanafunzi wengi hawajawahi kuzitumia pamoja katika ukurasa mmoja.

Wale wa mwaka wa tatu watakaokwenda nyanjani wakati wa likizo watakutana na wastaafu, na zaidi wajane na watoto wao. Waulize majina yote, la nyumbani, la ubatizo au la Kiislamu, na la jeshini. Waulize namba, maana wazee husahau mwaka lakini namba hawaisahau. Waulize nani alikuwa karibu naye siku ile, na kama mtu huyo yu hai anaishi wapi, kisha wamfuate huyo pia siku hiyo hiyo ikiwezekana. Mzee akisema kombania wasiandike kampuni, na akisema neno la Kinubi au la Kiacholi katikati ya Kiswahili waliache hapo lilipo. Maelezo yasomwe kwa sauti mbele yake kabla hajatia kidole gumba au saini. Nakala moja italetwa idarani, na nyingine ibaki kwake mwenyewe, katika mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua.